Shule Iko Karibu, Muda Uko Mbali

Vijana, mmefunga fremu mapema ili mnisikilize. Najua saa moja ya jioni, siku ya kazi, ina bei yake Kariakoo. Bei hiyo ndiyo nitakayoizungumzia.

Nimeombwa nieleze faida na changamoto za elimu masafa. Mada hii ikitajwa, mawazo ya wengi hukimbilia kijijini: mtoto yuko ng'ambo hii ya mto, shule iko ng'ambo ile, mvua ikinyesha hapapitiki, basi apelekewe masomo kwa redio au kwa simu. Ni hali ya kweli na wapo wanaoishi ndani yake. Mimi nitaanzia hapahapa tulipo, maana hapa ndipo mada inapopata ugumu wake. Kutoka Mtaa wa Kongo hadi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ni mwendo wa miguu. Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, unaifikia kabla jasho halijakauka, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Uhuru Mchanganyiko, Mnazi Mmoja, Gerezani, Benjamin Mkapa, Jangwani, Azania: ukisimama Msimbazi na kuzunguka kidogo, umezipita zote. Na bado, ndani ya fremu zinazozungukwa na shule hizo, wamejaa watu walioishia darasa la saba, au walioangukia kidato cha nne, wanaotamani kurudi na hawarudi. Kama umbali ungekuwa kilomita tu, Kariakoo isingehitaji elimu masafa hata chembe.

Tumchukue kijana muuza simu wa Mtaa wa Agrey. Nimemtunga, ingawa kila mmoja humu ndani anamjua wake. Kidato cha nne alipata ziro. Anakaa Chamazi kwa sababu kodi ya chumba cha huku haishikiki. Saa kumi na moja alfajiri yuko kituoni, saa mbili amekwisha panga mali, saa kumi na mbili jioni anafunga hesabu na bosi, na kwa foleni ya Mbagala anaingia ndani saa tatu usiku. Jumamosi yake ni sawa na Jumatatu.

Mtaa huo, kwa wasiojua, una jina la mwalimu. Dk. James Kwegyir Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, alipita Dar es Salaam mwaka 1924 pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyokuja kuchunguza elimu ya Waafrika, na Kleist Sykes akakutana naye. Miaka mitano baadaye Sykes na wenzake wakaanzisha chama cha African Association mjini humu. Leo jina lake linatajwa kutwa nzima na watu wanaoulizia kioo cha Tecno.

Turudi kwa kijana wetu. Muda anao, ila umekatikakatika: nusu saa kabla wateja wa mikoani hawajaingia, robo saa baada ya sahani ya mama lishe, saa na ushee ndani ya daladala akiwa amesimama, na kipande cha usiku kabla usingizi haujamshinda. Shule ya kawaida haiwezi kuvitumia vipande hivyo. Yenyewe inataka vipindi vinavyofuatana tangu asubuhi hadi alasiri, yaani saa zilezile ambazo soko linamlipa. Hata darasa la jioni linaloanza saa kumi linamtaka aage wakati mzigo unashushwa. Tangu mwaka 2025, biashara ya saa 24 ilipozinduliwa hapa, wapo pia wanaolala mchana na kuuza usiku. Ratiba ya shule gani itawafuata hao?

Faida ya kwanza ya elimu masafa, na kwa mtu wa Kariakoo naiona kuwa kubwa kuliko nyingine zote, ni kwamba inakubali vipande. Somo lililorekodiwa halikasiriki mteja akiingia. Unalisimamisha, unauza chaja, unalirudia pale lilipoishia.

Faida ya pili huwa haisemwi majukwaani kwa sababu inagusa aibu. Mtu wa miaka thelathini na miwili, mwenye watoto wawili na heshima yake mtaani, haoni haya kusoma; anaona haya kuonekana akisoma kidato cha kwanza. Binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaijua aibu hiyo kuliko sisi sote. Hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni, mlango wa mfumo rasmi ulikuwa umefungwa mbele yake. Na hata ulipofunguliwa, si kila mmoja alitaka kukaa dawati moja na wadogo wa wenzake waliomcheka. Njia mbadala ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ya kusoma sekondari nje ya mfumo rasmi, imewapokea wengi wa aina hiyo. Vitabu vya kujisomea vinampa nafasi ya kuanza akiwa hajaonwa na mtu. Anaweza kukosea mara kumi, usiku, mtoto akiwa amelala mgongoni, asichekwe na yeyote.

Hapo nimesema yote mazuri ninayoyaamini. Sasa niwaambie kwa nini mazuri hayo hayajamfikisha kijana wa Agrey kwenye cheti, na kwa hili lazima tupite kwanza kwenye historia, kwa sababu tunazungumza kana kwamba elimu masafa imeletwa na simu janja.

Mwingereza Isaac Pitman, posta ya bei nafuu ilipoanza kwao mwaka 1840, alifundisha hatimkato kwa kadi za posta. Wanafunzi walinakili aya za Biblia kwa hati hiyo, wakamrudishia, naye akasahihisha na kuzituma tena. Angalieni vizuri: tangu mwanzo, mfumo huu ulikuwa na kwenda na kurudi. Huku kwetu, makarani na walimu wa enzi ya ukoloni walisoma kwa kuandikiana na vyuo vya Uingereza kama Wolsey Hall ya Oxford. Baada ya Uhuru, kule Moshi wanaushirika wakafundishwa kwa posta, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi yetu ya Elimu ya Watu Wazima ikaanzisha elimu kwa njia ya posta kwa nchi nzima. Bahasha ilikuja na somo na maswali. Ukajibu, ukabandika stempu, ukasubiri. Wiki zikapita. Bahasha ikarudi na wino mwekundu: hapa umekosea, hapa umejitahidi, rudia sehemu ya tatu. Ilikuwa polepole mno, na wengi walikata tamaa wakisubiri. Lakini wino ule ulikuwa umeandikwa kwa ajili yako, na mtu aliyekaa akasoma ulichoandika wewe.

Halafu redio. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka hiyo kampeni za redio zikafuatana: Kupanga ni Kuchagua, Wakati wa Furaha, kisha ile kubwa ya 1973, Mtu ni Afya, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Wazee mliopo mnakumbuka. Kwa Mtu ni Afya, kwa wiki kumi na mbili, watu walikusanyika mahali pamoja, redio ikafunguliwa, kijitabu kikasomwa kwa sauti ili asiyejua kusoma naye apate, kisha redio ikazimwa na mjadala ukaanza. Tuna vyoo vingapi hapa kwetu? Maji yanayotuama yale ni ya nani? Baada ya mjadala kulikuwa na kazi: kuchimba, kufyeka, kufukia, kusafisha kisima. Walioshiriki walikadiriwa kuwa milioni 2, na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa kama 75,000.

Gawanyeni wenyewe. Ni kiongozi mmoja kwa watu wasiofika thelathini. Ni walimu wangapi wa shule za msingi za jiji hili wangefurahia uwiano huo?

Huwa nawasikia vijana wa teknolojia wakizisimulia kampeni zile kama ushindi wa redio. Redio ilifanya sehemu yake, na sehemu hiyo ilikuwa ya bei rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuwapata watu 75,000, kuwafundisha namna ya kuongoza mazungumzo bila kuhutubia, na kuhakikisha kila mmoja anajua nani hakuja leo na kwa nini. Sitaki kuipamba enzi ile. Amri zilikuwepo, na aliyekwenda kikundini kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi alikuwepo vilevile. Hata hivyo mpango wenyewe uliwekwa na watu waliolielewa jambo moja: somo laweza kutoka mbali kadiri linavyotaka, lakini anayeuliza "umeelewa nini?" lazima awe karibu, na awe anakujua kwa jina.

Mpango huo umerudiwa kila mahali mambo yalipokwenda vizuri. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, mradi wa RISE ulirusha kipindi cha Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo wasio na nafasi shuleni. Redio iliimba, ikauliza, ikanyamaza ili watoto wajibu. Na kando ya redio alikuwepo mlezi, mara nyingi mtu wa kijiji hichohicho, aliyewaonyesha watoto kinachofanyika. Chuo Kikuu Huria nacho hakikuanza kwa kutuma vitabu tu. Kamati ya Nicholas Kuhanga ilifanya kazi yake na kutoa ripoti mwaka 1990, sheria namba 17 ikapitishwa 1992, chuo kikaanza rasmi Machi 1993 chini ya Profesa Geoffrey Mmari, na tangu miaka ya mwanzo kikajenga vituo mikoani: mahali pa kukutana na mwalimu ana kwa ana, kuulizia matokeo yaliyopotea, na kukaa mtihani mbele ya msimamizi. Walimu wa sekondari wenye stashahada waliopata shahada bila kuacha kazi yao hata siku moja, wengine wamo humu ndani, ni zao la vituo hivyo kama walivyo zao la vitabu.

Sasa tuje 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa tarehe 16 Machi, na kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, waliobaki tarehe 29 Juni. Tulikuwa na bahati kuliko jirani zetu: Kenya ilikuja kufungua shule zote Januari 2021, na Uganda ikamaliza wiki 83, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, ikafungua kabisa Januari 2022. Wiki zetu kumi na tano, hata hivyo, zilitosha kutuonyesha tulivyo. Taasisi ya Elimu Tanzania ilipeleka vipindi redioni na kwenye runinga ya taifa. Katuni ya Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, ilikuwa hewani tangu 2014. Shule Direct ilikuwa na masomo ya sekondari mtandaoni tangu kabla ya Korona. Kwa hiyo masomo yalikuwepo, tena mengine mazuri sana.

Ila fikirieni nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, zile chache zilizobaki kati ya maghorofa: vyumba sita, ukumbi katikati, na kila chumba familia. Runinga iko kwa mwenye nyumba. Simu yenye intaneti ni ya baba, na baba yuko sokoni nayo kwa sababu ndiyo inayopokea malipo ya wateja. Wakati huohuo, mtoto wa shule ya kulipia alikuwa anatumiwa kazi kwa WhatsApp kila asubuhi, na mwalimu wake akimpigia mama kuuliza mbona kazi ya jana haijaletwa. Watu walisema tofauti ile ilikuwa ya vifaa. Vifaa vilihusika, ni kweli. Lakini simu ile ya mwalimu kwa mama ilikuwa jambo jingine kabisa, na ndiyo iliyokosekana kwa wengi.

Niguse bando, maana nisipoligusa mtaniuliza. Wengi tunadhani kusoma kwa simu ni kuangalia video. Video ya saa moja, hata ile isiyo safi sana, inakula kama MB 500. Sauti peke yake, saa hiyohiyo moja, haifiki MB 30. Kitabu kizima kisicho na picha nyingi hakifiki MB 5. Maana yake ni kwamba anayeamua somo liwe la video ndiye anayeamua nani alisome, na mara nyingi mwamuzi huyo yuko ofisini penye Wi-Fi. Vikundi vya WhatsApp vya watu wanaorisiti vimeligundua hili bila semina yoyote: mwalimu anapiga picha ubao, anatuma sauti ya dakika tano, basi. Kwa macho si kitu cha kujivunia, lakini kinamfikia mtu. Bei yenyewe ya bando ni jambo la siasa, kama tulivyoona Aprili 2021, viwango vipya vilipozua kelele na vikasitishwa mara moja. Na hata mwenye fedha hana uhakika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchi nzima. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, ikazimwa kwa siku kadhaa. Somo lisiloweza kukaa ndani ya simu bila mtandao ni somo la kuazima.

Changamoto hizo zote, bando, chaji, kelele za spika za machinga, ninaziita nyepesi. Zinauma, lakini zina dawa ya fedha au ya ufundi. Nzito ni upweke.

Mwaka 2012 vyuo vikubwa vya Marekani, Harvard na MIT wakiwamo, vilifungua masomo ya bure mtandaoni kwa dunia nzima, na ikasemwa sasa mtoto wa Afrika amepata Harvard mkononi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza, kati ya wote waliojiandikisha, walikuwa asilimia 3 hivi. Walioacha nao, wengi walikuwa na kompyuta, umeme na Kiingereza. Walichokosa ni mtu wa kugundua kwamba hawapo.

Kijana wetu wa Agrey naye hugunduliwa na nani? Anaanza Januari kwa moto. Ana madesa ya Hisabati, ana sauti za mwalimu, amejiunga na kundi la WhatsApp lenye watu 200. Februari anakwama kwenye logarithi. Anauliza kundini, watu watatu wanamjibu mambo matatu tofauti, wa nne anatangaza viwanja Kigamboni. Machi bosi anasafiri kwenda Guangzhou na kumwachia duka. Aprili anarudi kwenye madesa na kukuta hakumbuki kitu. Mei hafungui tena. Hakuna aliyemfukuza, hakuna barua, hakuna siku anayoweza kuitaja kuwa ndiyo aliyoacha. Darasani mtu akiacha, dawati linabaki wazi na mwalimu analiona. Mtandaoni idadi inabaki 200.

Na akimaliza je? Baraza la mitihani ni lilelile. Lakini namba ya kituo cha mtahiniwa wa shule huanza na herufi S, na ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P, na wapo waajiri wanaoitazama herufi hiyo kabla ya alama. Jambo hili linanikera, niseme wazi. Mtu aliyepata C ya Hisabati huku akiuza duka saa kumi kwa siku amefanya kazi ngumu kuliko aliyepata C hiyo akiwa bwenini na kupikiwa wali. Herufi P ilipaswa kumfanya mwajiri asimame na kumpa kiti. Badala yake tumezoea kusema "hiyo ya kujisomea", kama tunavyosema "hiyo ya mtumba", na mtumba wenyewe ndio tunaouvaa.

Ninalopendekeza linatokana na yote niliyosema, wala halihitaji teknolojia mpya. Shule zinazotuzunguka hufungwa jioni. Madarasa yana madawati, yana taa, yana ukuta unaozuia kelele, na mlinzi analipwa tayari. Yafunguliwe kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku kwa wanaofanya kazi mchana, na asubuhi ya Jumapili, siku ambayo fremu nyingi zimefungwa. Wala yasiwe madarasa ya kufundishwa upya. Masomo yapo: ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ya Shule Direct, na mengine. Yawekwe kwenye kompyuta ndogo moja inayorusha Wi-Fi ya ndani bila intaneti, kila mtu ayahamishie kwenye simu yake na kuondoka nayo bila kutumia hata MB moja. Atayasikiliza kwenye daladala, kwenye kipande chake cha nusu saa. Darasani anakuja kwa jambo moja: kumkuta mtu anayeuliza ameelewa nini.

Mtu huyo asihudumie watu zaidi ya thelathini. Si lazima awe na shahada ya uzamili. Jiji hili lina walimu wengi waliohitimu na wanaosubiri ajira ya Serikali, wengine wanauza nguo hapohapo Kongo. Awe na daftari lenye majina na namba za simu, na kazi yake ya kwanza kila wiki iwe kumpigia asiyekuja. Kwa wasioona, sauti zile za masomo ni msaada mkubwa. Uhuru Mchanganyiko wana walimu waliozoea kufundisha watoto wa aina hiyo na wanaweza kutuonyesha njia.

Nani atalipa? Nimelifikiria, kwa sababu mipango yetu mingi hufia kwenye swali hili. Umeme wa vyumba viwili kwa saa mbili si fedha ya kuitishia harambee. Posho ya wawezeshaji ndiyo yenye uzito, na hapo nawageukia wenye maduka. Mnalipa ushuru wa huduma kwa Jiji, basi mna haki ya kulidai Jiji huduma hii kwa jina. Lakini fedha peke yake haitatosha, kwa sababu kijana hataweza kufika saa moja kama hesabu imechelewa hadi saa mbili. Mnipe siku mbili kwa wiki za kufunga saa kumi na mbili kamili. Msiniambie kwamba Kariakoo haiwezi kukubaliana saa ya kufunga. Mei 2023 mlifunga maduka yote pamoja, hadi Waziri Mkuu akaja hapa Mnazi Mmoja kuwasikiliza.

Tuanze padogo: shule moja, vyumba viwili, masomo matatu, Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, watu sitini. Wasiowahi kupita sekondari waanzie kwenye mtihani wa maarifa, ule mnaouita QT. Waliokwisha fanya kidato cha nne waende moja kwa moja kwenye kurisiti. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari, na anayechelewa hulipa faini. Kwa hiyo mazungumzo na Jiji na wakuu wa shule yawe yamekwisha Novemba, wawezeshaji wapate mafunzo Desemba, na sikukuu zikiisha watu waingie.

Nimemaliza. Maswali nayakaribisha, na ningependa la kwanza litoke kwa mwenye duka.